Hofu ya Mikononi

Novemba 1980, wafanyabiashara wa mashine za gemu kutoka pande zote za Marekani walikutana Chicago kwenye maonyesho yao ya kila mwaka. Kampuni ya Williams, iliyojijengea jina kwa mashine za pinball, ilileta gemu mpya ya vita vya angani iitwayo Defender. Watu walisogea, wakatazama, wakahesabu. Kijiti kimoja cha kupandisha na kushusha chombo, kisha vitufe 5: cha kusukuma mbele, cha kugeuza uelekeo, cha kufyatua, cha bomu, na cha kutoweka na kuibukia kwingine. Wengi waliondoka bila hata kuigusa. Ilionekana wazi kwao kwamba mtu aliyeingia baa kupumzika hatatoa sarafu yake ili aumizwe kichwa namna hiyo. Mwaka uliofuata Defender iliingia mitaani, na hatimaye ikauza mashine zaidi ya 50,000.

Wafanyabiashara wale hawakuwa na hofu ya bure. Mwaka 1971 Nolan Bushnell na Ted Dabney walikuwa wameunda Computer Space, mashine ya kwanza ya gemu ya video kuuzwa kwa ajili ya sehemu za starehe. Ilikuwa na vitufe 4, na wanywaji wengi waliishia kuikodolea macho. Mwaka 1972 kampuni yao mpya, Atari, ikatoa Pong, ambayo kila mchezaji alikuwa na kitasa kimoja tu cha kuzungusha. Mashine ya majaribio iliyowekwa kwenye baa ya Andy Capp's huko Sunnyvale, California, iligoma baada ya muda mfupi kwa sababu kisanduku chake kilikuwa kimefurika sarafu. Biashara nzima ikajifunza somo moja: mkono wa mteja usisumbuliwe.

Somo hilo lilikuwa na mizizi hata nyuma ya hapo. Vijana wa chuo cha MIT walioandika Spacewar! mwaka 1962 waliicheza kwa kubonyeza swichi za kompyuta yenyewe, PDP-1, wakiwa wamejikunja ubavuni mwake hadi viwiko vikauma. Alan Kotok na Bob Saunders waliamua kuokota vifaa vilivyokuwa karibu, wakatengeneza visanduku vidogo vya kushikwa mkononi. Kwa hiyo pedi ya kuchezea, babu wa zote zilizofuata, ilizaliwa na maumivu ya viwiko.

Eugene Jarvis, mbunifu wa Defender, naye aliongozwa na mwili wake. Baada ya ajali ya gari iliyomvunja mkono wa kulia, alijikuta hawezi kubonyeza kitufe cha kufyatua huku akishika kijiti. Kutokana na dhiki hiyo likaja wazo la Robotron: 2084, gemu ya mwaka 1982 aliyoibuni pamoja na Larry DeMar: vijiti viwili, cha kushoto cha kutembea na cha kulia cha kupiga risasi upande wowote. Hapakuwa na kitufe cha kufyatulia. Anayekumbuka kwamba leo karibu kila gemu ya kupigana kwa bunduki inayotumia pedi huchezwa kwa vijiti viwili atashangaa kuona chanzo kimojawapo cha desturi hiyo ni plasta ya mfupa.

Gemu zilipohamia sebuleni, kitu kipya kilizaliwa: kungoja. Mteja wa baa alikutana na mashine ghafla, akaijaribu au akaipita. Mteja wa nyumbani alisoma habari za gemu miezi au miaka kabla haijatoka. Alinunua magazeti kama Nintendo Power huko Marekani na Famitsu huko Japani, akatazama picha, akabishana na wenzake shuleni. Picha zilimwonesha rangi, majitu, milipuko. Hazikuweza kumwonesha jambo moja, namna gemu itakavyojibu kidole chake. Ndiyo maana wasiwasi wa mashabiki ulizoea kutua hapo. Mengine yote yalikuwa yameshaonekana.

Tena vidole vina ushamba wao. Vikishazoea, havitaki kufundishwa upya. Wavulana wa vibanda vya PlayStation, iwe Kariakoo au Eastleigh, walilijua hili bila kusoma popote. Aliyelelewa na Pro Evolution Soccer alipiga shuti kwa kitufe cha mraba. Akikalishwa mbele ya FIFA, mraba uleule ulipaisha mpira wa juu, na shuti likawa kwenye duara. Alikosa mabao ya wazi mbele ya kadamnasi. Dawa ilikuwa kuingia kwenye mipangilio na kuchagua ile ya pili, iliyorudisha vitufe kama vya PES, kabla ya kipenga. FIFA kuiweka mipangilio hiyo ni kukiri kwamba mkono wa mteja ulikuwa umeshaolewa kwingine.

Katika gemu za mapigano, vurugu kubwa ilikuja na dunia ya pande tatu. Nintendo 64 ilitoka mwaka 1996 ikiwa na kijiti kimoja kinachomjongeza mhusika taratibu au haraka kulingana na msukumo wa kidole gumba; Sony ikajibu mwaka 1997 kwa pedi ya DualShock yenye vijiti viwili. Sasa mchezaji alipaswa kutembea na kutazama kwa wakati mmoja, na hapakuwa na aliyekubaliana na mwenzake kuhusu namna. GoldenEye 007, iliyotoka Agosti 1997, iliweka namna 8 za kushika, kila moja ikiwa na jina la mwanamke wa hadithi za James Bond. Nne kati yake zilimtaka mchezaji ashike pedi mbili kwa mpigo, moja kila mkono.

Oktoba 2000, studio ya Argonaut ya Uingereza ilitoa Alien Resurrection kwa PlayStation. Kijiti cha kushoto kilimtembeza mhusika, cha kulia kikageuza macho yake. Mhakiki wa GameSpot aliandika kwamba hakuna kilichomtisha zaidi katika gemu hiyo ya kutisha kuliko mpangilio huo. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2001, Microsoft ilizindua Xbox pamoja na Halo, iliyotumia vijiti vilevile kwa mpangilio uleule. Dunia ikapiga makofi. Studio ya Bungie, iliyotengeneza Halo, ilikuwa imefanya kazi ya ziada isiyoonekana: gemu iliusaidia mkono kwa siri, ikipunguza kasi ya kulenga pale shabaha ilipomkaribia adui na kuzivuta risasi kidogo kuelekea kwake. Ilikuwa kazi ya uungwana, kumfundisha mtu bila kumwambia kwamba anafundishwa.

Lakini kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu ni cha Metroid.

Mfululizo huo wa Nintendo ulianza mwaka 1986. Shujaa wake, Samus Aran, mwindaji aliyevaa deraya, alionekana kwa ubavu akiruka kutoka jukwaa hadi jukwaa ndani ya mapango ya sayari ngeni. Super Metroid ya mwaka 1994 iliheshimiwa mno, kisha kukawa kimya. Nintendo 64 iliishi na kufa bila kupata Metroid hata moja. Mfululizo uliporudi, mashabiki waliambiwa mambo matatu kwa mfuatano, kila moja likizidi kuwatia baridi. Kwanza, gemu itakuwa ya pande tatu. Pili, inatengenezwa na Retro Studios ya Austin, Texas, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na isiyokuwa imetoa gemu yoyote. Tatu, mchezaji hatamwona Samus. Atatazama kupitia macho yake, bunduki ikichomoza pembeni mwa skrini.

Hili la tatu liliwasha moto. Kwa Mmarekani wa wakati huo, gemu ya namna hiyo ilimaanisha Doom au Quake, mbio na mauaji. Na kuruka? Metroid ni gemu ya kuruka, na kila aliyejaribu kuruka bila kuiona miguu yake alijua jinsi inavyokera. Wazo lenyewe lilitoka juu: Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, ndiye aliyeielekeza Retro iache gemu ya mapigano iliyokuwa ikihangaika nayo, itengeneze Metroid, na iitazame dunia kwa macho ya mhusika.

Metroid Prime ilitoka Amerika ya Kaskazini Novemba 2002, na mipangilio yake ilikuwa ya ajabu kuliko hata walivyohofia. Ilipuuza vijiti viwili vya Halo. Kijiti cha kushoto kilitembeza na kugeuza. Aliyetaka kutazama juu au chini alisimama kwanza, akashikilia kitufe cha kulia. Adui alifungwa kwenye shabaha kwa kitufe cha kushoto, na hapo mchezaji akawa huru kumzunguka bila kulenga. Kijiti cha pili kilibaki na kazi ya kubadili miale 4 ya silaha, na kitufe cha msalaba kilibadili vioo 4 vya kofia: cha vita, cha kukagua, cha joto na cha kuonea ndani ya vitu. Mtu akiruka, kamera iliinama kidogo kumwonesha anapotua, tendo dogo lililozima hofu nzima ya miguu isiyoonekana.

Baada ya saa moja ilieleweka. Gemu haikuwa ya kulenga, ilikuwa ya kuchunguza: kusoma maandishi ukutani, kukagua mizoga, kukumbuka mlango uliofungwa. Mkono ulipunguziwa shabaha ili jicho lifanye kazi. Wahakiki waliimwagia sifa kuliko karibu gemu zote za GameCube, mashine ya Nintendo ya wakati huo, na makelele yakatulia. Nintendo, kwa hekima ya mfanyabiashara, ilikuwa imeweka na dhamana: mwezi huohuo ilitoa Metroid Fusion kwa Game Boy Advance, ya kutazamwa ubavuni, kwa wasiotaka kusikia la Texas.

Kampuni ya Capcom nayo ilicheza karata kama hiyo. Resident Evil 4, ya Januari 2005, ilimweka mchezaji nyuma ya bega la shujaa Leon Kennedy lakini ikamkataza kutembea akiwa amenyanyua bunduki. Kila risasi ilimlazimu kupiga nanga huku kundi la watu wenye mashoka likimsogelea. Wakati huo hilo lilionekana ni ufundi. Resident Evil 5 iliporudia katazo hilohilo mwaka 2009, wachezaji walikuwa wameshapitia Gears of War na Dead Space, wametembea huku wakifyatua, na majaribio yaliyotolewa kabla ya uzinduzi yakazua manung'uniko. Kitu kilichoitwa hofu mwaka 2005 kiliitwa ukaidi miaka minne baadaye. Capcom ilisalimu amri katika toleo la 6, mwaka 2012. Resident Evil 4 yenyewe ilipotengenezwa upya mwaka 2023, Leon alitembea na kufyatua, na hapakuwa na msiba.

Hadi hapa mtu angeweza kudhani mashabiki huogopa bure, au kwamba wakati huwapatia dawa. Miaka iliyofuata inapinga. Kuna mpaka, na hauko mbali: mkono ukibadilishwa kwa sababu gemu yenyewe inadai, hofu huyeyuka, ukibadilishwa kwa sababu kuna kifaa cha kuuza, shabiki mwoga mara nyingi ndiye mwenye akili.

Septemba 2005, kwenye maonyesho ya Tokyo Game Show, Satoru Iwata, mkuu wa Nintendo, alinyanyua kitu kinachofanana na rimoti ya televisheni na kutangaza kwamba hiyo ndiyo pedi ya mashine mpya ya kampuni, iliyokuja kuitwa Wii. Ndani yake kulikuwa na vihisi vya mwendo. Ghafla kila gemu ya mapigano iliyokuwa njiani ikapata swali jipya. The Legend of Zelda: Twilight Princess ilikuwa imengojwa kwa miaka kama gemu ya GameCube. Kwenye maonyesho ya E3 ya Mei 2006 waliojaribu toleo la Wii walipiga upanga kwa kubonyeza kitufe, wakalalamika kwamba mkono umeshika rimoti halafu haufanyi kitu. Ilipotoka Novemba, upanga ulipigwa kwa kutikisa. Tatizo jingine likazuka: shujaa Link ni wa mkono wa kushoto, wachezaji wengi ni wa kulia. Nintendo ikapindua dunia nzima ya gemu kama kwenye kioo, mashariki ikawa magharibi, ili panga zilingane na mikono. Sijui kama kuna ushahidi bora wa mahali madaraka yalipo.

Kwenye E3 hiyohiyo Sony ilitangaza kwamba pedi ya PlayStation 3 nayo itahisi mwendo. Ilihitaji gemu ya kuthibitisha, na kazi ikaangukia Factor 5, studio yenye asili ya Ujerumani iliyohamia California na kupata sifa kwa gemu za ndege za Star Wars: Rogue Squadron. Gemu iliitwa Lair. Mchezaji alipanda dragoni juu ya majeshi na bahari, na picha zake zilikuwa miongoni mwa zilizowatia watu hamu zaidi mwaka ule. Dragoni aliongozwa kwa kuinamisha pedi. Kumgeuza nyuma ghafla kulihitaji kuirusha pedi juu kwa nguvu. Vijiti viwili, vikiwa pale pale chini ya vidole gumba, havikuruhusiwa kumwongoza angani.

Lair ilifika madukani mwishoni mwa Agosti 2007, na wahakiki waliisulubu kwa sababu hiyo karibu peke yake. Dragoni alipita shabaha, akazunguka, akagoma kugeuka, au akageuka pale mchezaji alipokuwa anajikuna. Sony ilituma kijitabu cha kurasa zaidi ya 20 kuwaelekeza wahakiki jinsi ya kuicheza. Kitu cha kwanza kinachofichuliwa na kijitabu cha namna hiyo ni kwamba aliyekiandika ameshasikia malalamiko. Aprili 2008 kikaja kiraka kilichoruhusu vijiti, lakini walionunua walishanunua na waliokimbia hawakurudi. Mwaka 2009 studio ya Factor 5 huko California ilifungwa.

Wengine hawakujifunza. Steel Battalion ya mwaka 2002 iliuzwa na ubao wake wenyewe wa vitufe kama 40 na pedali 3, bei yake karibu dola 200; ilikuwa wazimu, lakini wazimu wa kweli, kwa kuwa mnunuzi alitaka kujiona ameketi ndani ya roboti ya vita. Heavy Armor, mrithi wake wa mwaka 2012, iliondoa ubao huo na kuweka Kinect, kamera ya Microsoft. Mchezaji alinyoosha mkono hewani ili afunge dirisha la chuma, gemu ikadhani anavuta kifaa kingine, akafa. Star Fox Zero ya Aprili 2016 ilimtaka mtu atazame ndege yake kwenye televisheni na alenge kwenye skrini ya pili iliyo mikononi, akiiinamisha huku na huku. Ilikuwa imeahirishwa kutoka mwaka 2015, na waliojaribu mapema walishasema macho yanavutwa pande mbili. Wii U, mashine ambayo skrini hiyo ilikuwa sababu yake ya kuwepo, iliuza milioni 13.56 dhidi ya zaidi ya milioni 101 za Wii.

Mpaka huo niliouchora una mlango, hata hivyo. Metroid Prime 3 ya mwaka 2007 ilitumia rimoti ya Wii kulenga moja kwa moja kwenye skrini, na wengi waliona ndiyo mara ya kwanza bunduki ya Samus imeshikwa sawasawa. Kifaa cha kuuza kilikuwa kimekutana na gemu iliyokihitaji. The Legend of Zelda: Skyward Sword ilisimama katikati ya mlango. Miyamoto alipoionesha jukwaani Juni 2010, upanga ulienda kombo mbele ya ukumbi uliojaa, na lawama zikatupiwa mawimbi ya vifaa vingine visivyo na waya. Gemu ilipotoka mwaka uliofuata, baadhi waliapa kwamba hakuna upanga mtamu kama ule, wengine hawakumaliza. Ilichukua hadi toleo jipya la Julai 2021 ndipo ikaruhusiwa kuchezwa kwa vitufe peke yake.

Chaguo hilo la namna ya kucheza, ambalo GoldenEye ililitoa mwaka 1997 kwa majina ya wanawake 8, lilikuja kuwa desturi kwa kuchelewa, na sehemu ya sifa iende kwa watu ambao hawakuwahi kuhesabiwa miongoni mwa mashabiki wa kawaida. Wachezaji wenye ulemavu walikuwa wamedai kwa miaka kwamba kitufe kinachowekwa mahali pamoja tu ni mlango uliofungwa. Kid Icarus: Uprising ya mwaka 2012 iliuzwa na kisimamio cha plastiki kwa sababu kuishika kuliumiza mikono, na watumiao mkono wa kushoto walihitaji kununua kiongezeo. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller, pedi bapa ya kuunganishwa na swichi za aina yoyote, za kubonyezwa hata kwa mguu au kidevu. The Last of Us Part II ya Juni 2020 ilikuwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kumrahisishia mchezaji, ikiwemo kuhamisha kila kitufe.

Metroid ikapitia mkondo huohuo. Metroid Prime 4 ilitangazwa E3 ya Juni 2017 kwa nembo tu, bila picha moja ya gemu. Januari 2019 Shinya Takahashi wa Nintendo alijitokeza kwenye video kusema kazi iliyofanyika haikufikia kiwango, na kwamba inaanzwa upya mikononi mwa Retro Studios. Wakati mashabiki wakiendelea kungoja, Februari 2023 wakapewa Prime ya kwanza iliyosafishwa, na ndani yake namna 4 za kucheza: vijiti viwili vya kisasa, ya kuelekeza kama rimoti ya Wii, mchanganyiko, na ile ya 2002 kama ilivyokuwa. Waliokuwa wameililia ile ya zamani na walioichukia waliuziwa gemu moja.

Kisha Aprili 2025 mashine mpya ya Nintendo, Switch 2, ikaelezwa kwa kina, na kampuni ikawa na kifaa kingine cha kuuza: kipande cha pedi kinacholazwa ubavu juu ya meza na kusukumwa kama kipanya cha kompyuta. Gemu ya kukionesha ikawa Prime 4. Maswali yalikuja yaleyale: nani ana meza mbele ya kochi, kifundo cha mkono kitavumilia saa ngapi, itakuwaje kwa asiyetaka. Gemu ilipotoka tarehe 4 Desemba 2025, asiyetaka aliruhusiwa kubaki na vijiti vyake au kuelekeza kwa mwendo wa mkono, na anayetaka alikilaza kipande kile na kuendelea bila kupitia menyu yoyote. Kufunga adui kwenye shabaha kwa kitufe, ule uzushi wa mwaka 2002, nako kulikuwemo.